KABLA YA KUNUNUA AQUA KWA PESA YA BONASI

(Mazungumzo ya fundi mmoja wa magari mbele ya vikundi vya kujisaidia vya wakulima wa chai, upande wa Litein. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, pamoja na maswali machache ya mwisho.)



Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya ile gari ndogo ya Toyota Aqua, kwa sababu vikundi vitatu kati ya hivi vilivyoketi hapa vimeandika katika mipango yao: "Kununua gari ya kikundi, haibridi." Nimefurahi kuulizwa mapema. Kwa kawaida fundi anaitwa wakati gari imeshavutwa kwa kamba.

Wengi wenu mnanijua kwa gereji. Lakini leo siji kama fundi peke yake. Mimi pia ni mwanachama wa kikundi kilichonunua gari hii mwaka wa 2022, na nilikuwa katika kamati iliyotumwa kwenda kuichagua. Kwa hivyo aibu nitakayoeleza ni yangu pia.

Kwanza tuelewane, haibridi ni nini? Ni gari yenye injini ya petroli kama nyingine, lakini ina mota ya stima na betri kubwa ya kuisaidia. Huichomeki ukutani kama simu. Betri inajazwa na injini yenyewe, na pia inajazwa unaposhika breki au unapoteremka, kwa sababu mota inageuka kuwa jenereta. Unapoondoka polepole, au ukiwa kwenye foleni pale Kericho mjini, injini inazima na stima inaisukuma gari. Hapo ndipo petroli inapookolewa.

Aqua ilitoka Japani mwezi wa Desemba 2011. Injini yake ni ya sisi 1,500, tangi lake ni la lita 36, na betri yake kubwa iko chini ya kiti cha nyuma. Betri hiyo ina vipande 20 vilivyounganishwa, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 144. Stima ya namna hiyo inaua mtu. Ukifungua boneti ukaona nyaya nene za rangi ya chungwa, usiziguse, na usimruhusu fundi wa kubahatisha aziguse.

Sasa mafuta, maana hiyo ndiyo sababu mnaitaka. Muuzaji atawaambia kilomita 35 kwa lita moja. Hadanganyi kabisa. Ile ya kwanza iliandikwa kilomita 35.4 kwa lita kwa kipimo cha Wajapani. Lakini kipimo hicho kinafanywa ndani ya jengo, gari ikizungusha magurudumu juu ya mapipa ya chuma. Hakuna mlima, hakuna matope, hakuna mama watatu nyuma na gunia la viazi. Barabara zetu hazikuwa kwenye hicho kipimo.

Mimi nimeipima hapa kwetu, na kupima hakuhitaji mashine. Jazeni tangi mpaka pampu ijikate yenyewe. Andikeni kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesheni siku mbili tatu kwa kazi zenu za kawaida. Rudini kituo kile kile, pampu ile ile, mjaze tena mpaka ijikate. Gawanyeni kilomita mlizotembea kwa lita zilizoingia. Mara moja tulitembea kilomita 236, zikaingia lita 11.4. Hiyo ni kama kilomita 20.7 kwa lita, na ilikuwa lami tupu, Litein, Kericho, Sotik. Tulipotoka kwenye lami tukaingia njia za marram na watu wanne ndani, ilishuka hadi 16. Msiamini ile namba inayoonyeshwa kwenye kioo cha dashibodi. Muuzaji anaweza kuifuta kabla hamjafika, halafu awapitishe kwenye mteremko peke yake. Sisi tulionyeshwa kilomita 30 kwa lita tukaangaliana kwa furaha. Tulikuwa tumetoka kuteremka.

Hata hivyo, 20 ni nzuri. Hebu tupige hesabu mweka hazina akiandika. Tuseme gari inafanya kilomita 60 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Ni kilomita 1,500. Probox ya petroli niliyokuwa nayo ilinipa 13 kwa lita, kwa hivyo ingekula lita 115. Aqua kwa 20 itakula lita 75. Mmeokoa lita 40. Tuchukue shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe rahisi, nyinyi mtaweka ile bei ya EPRA ya mwezi huo. Ni shilingi 7,200 kwa mwezi. Kwa mwaka, 86,400.

Shikeni hiyo 86,400 vizuri, tutairudia.

Gari yetu tuliinunua kwa mtu mmoja mjini, ambaye sitamtaja. Ilikuwa safi, imeng'arishwa mpaka matairi. Bonasi ilikuwa imelipwa, na mnajua mwezi wa Oktoba wauza magari wanatufahamu kuliko watoto wetu wanavyotufahamu. Tuliwasha, hakuna taa ya onyo hata moja. Tukalipa. Wiki ya tatu, tukipanda kutoka mto Chemosit mvua ikinyesha, ikawaka taa ya pembe tatu nyekundu, gari ikapoteza nguvu. Fundi wa Nakuru aliyebobea katika magari haya aliipima akatuambia betri kubwa imekwisha, na kwamba kumbukumbu za makosa zilifutwa kwenye kompyuta ya gari si muda mrefu uliopita. Ukizifuta, taa inazima. Inakaa siku kadhaa, hata wiki, kabla ya kuwaka tena. Alipotoa kiti cha nyuma tukaona ile feni ya kupoza betri imejaa vumbi na manyoya kama mto wa kulalia. Betri ilikuwa imepikwa kwa joto.

Bei ya betri iliyotengenezwa upya ilikuwa shilingi 95,000. Mnaona? Akiba yote ya mafuta ya mwaka mmoja, na zaidi kidogo.

Lakini hayo siyo yaliyotuuma. Pesa ya betri tuliitoa kwenye mfuko wa wagonjwa, tukisema tutairudisha. Kabla hatujairudisha, mke wa mwanachama mwenzetu akashikwa na uchungu usiku, mtoto amekaa vibaya, ikabidi apelekwe Tenwek. Gari ya kikundi iko Nakuru juu ya mawe. Mfuko wa kikundi hauna kitu. Tulizunguka na tochi nyumba kwa nyumba tukichanga, na jirani asiyekuwa hata mwanachama ndiye aliyetoa pikapu yake. Mama na mtoto walipona. Lakini baba wa mtoto huyo hakuzungumza na sisi wa kamati kwa muda mrefu, na hatukuwa na la kumjibu.

Basi nawaeleza jinsi ya kuipima, ili kamati yenu isiende na macho tu kama yetu.

Mwambieni muuzaji asiiwashe gari siku hiyo mpaka mfike. Gari ikiwa baridi ndiyo inasema ukweli. Gusa boneti kwanza. Ikiwa ina joto, ulizeni kwa nini. Kisha washeni hatua ya kwanza, bila kukanyaga breki, na muangalie dashibodi. Taa zote za onyo zinatakiwa kuwaka, halafu zizime baada ya sekunde chache au gari ikishakuwa tayari. Watu wengi wanaangalia kama taa imezima. Nyinyi angalieni kama iliwaka. Taa ya mifuko ya hewa ambayo haiwaki kabisa ina maana mtu ameikata ili msijue mifuko ilishafumuka au haiko.

Halafu ingieni watu wanne, na si wale wembamba. Tafuteni mlima. Kuna picha ndogo ya betri kwenye dashibodi yenye vijiti. Mkipanda, vijiti vinapungua polepole, mkiteremka vinaongezeka polepole. Hiyo ni betri yenye afya. Vikianguka kutoka vingi hadi viwili kwa dakika chache, kisha vikajaa ghafla kama mtu anayecheza danadana, betri hiyo imechoka. Sikilizeni pia nyuma. Feni inayopiga kelele nyingi hata kabla gari haijafanya kazi ni dalili mbaya. Mkirudi, inameni mwangalie tundu la hewa lililo chini pembeni ya kiti cha nyuma. Likiwa limezibwa na vumbi, mwenye gari hakuitunza. Na mkiinunua, tundu hilo lisafishwe kila mara, hasa Januari na Februari vumbi likiwa jingi. Wala msilizibe kwa mfuko wa mboga au blanketi la mtoto. Kazi ya nusu saa inaweza kuokoa shilingi laki moja.

Baada ya hapo mlipeni fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Nasema mlipeni nyinyi, si fundi wa muuzaji. Atasoma volti za betri sehemu kwa sehemu. Zikitofautiana sana, ondokeni. Atawaonyesha pia kama kumbukumbu zilifutwa juzi juzi. Gari ikiwa imetoka Japani moja kwa moja, itisheni cheti cha kuhamisha gari kutoka Japani, kimeandikwa kilomita zilizokuwa wakati huo, na ile karatasi ya mnada. Kwenye karatasi hiyo herufi R ina maana gari ilipata ajali ikatengenezwa. Kumbukeni pia sheria ya KEBS hairuhusu gari iliyopita miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza kuingizwa nchini. Mtu akiwauzia ya zamani zaidi ya hiyo akisema imefika bandarini wiki iliyopita, anawachezea.

Kuhusu starehe nitasema machache, kwa sababu gari hii haikujengwa kwa starehe ya mtu mzima anayekaa nyuma. Mbele ni pazuri. Nyuma, watu wawili wanakaa sawa, wa tatu anabanwa, na mrefu anagonga dari. Iko chini, kwa hivyo kogo mwenye magoti mabaya anaingia vizuri lakini kutoka ni kazi ya kuvutwa mkono. Mgonjwa hawezi kulala. Kama nia yenu ni kubebea wagonjwa, mpelekeni mama mzee mmoja akaketi kiti cha nyuma siku ya kuijaribu, mumwendeshe nusu saa kwenye marram, halafu mumuulize yeye, si dereva.

Na marram yenyewe, wazee, hapo ndipo nasimama. Nafasi kutoka chini ya gari mpaka ardhini ni sentimita 14. Hiyo ni gari tupu. Tia watu watano na mbolea, inashuka zaidi. Njia zinazotoka lami kwenda kwenye vituo vyetu vya majani chai mnazijua, lori la kiwanda limechimba mitaro miwili na katikati kuna kifua cha udongo mwekundu. Aqua italala juu ya kifua hicho kama kuku anayeatamia. Kuna zilizoinuliwa sentimita mbili au tatu kutoka kiwandani, zinasaidia kidogo. Maji nayo, msiyajaribu kuyapita yakiwa yamefunika nusu ya gurudumu, betri iko chini ya kiti, si juu.

Usalama. Siku ya 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori liliacha barabara likaua watu zaidi ya 50, wengine wakiwa wanauza bidhaa zao tu kando ya njia. Hakuna gari ndogo ambayo ingesimama mbele ya lori lile. Naitaja kwa sababu hiyo ndiyo barabara tunayopitia kwenda Nakuru, pamoja na malori hayo, na gari tunayoizungumzia ina uzito wa kama tani moja tu. Kwa hivyo angalau breki, matairi na mikanda yake iwe mizima.

Breki za Aqua zinasaidiwa na pampu ya stima. Kanyageni breki mara kadhaa gari imesimama, msikilize. Pampu ikilia kidogo ikanyamaza, sawa. Ikilia kila baada ya sekunde chache hata kama hamjakanyaga, inakaribia kufa, na ni spea ya bei kali. Mkiteremka mlima mrefu betri hujaa, na ikishajaa haiwezi tena kuwasaidia kupunguza mwendo. Hapo dereva avute gia mpaka kwenye herufi B, injini ishike gari. Nimekutana na madereva wa miaka mitatu ambao hawajui hiyo B ni ya nini.

Mikanda yote mitano ivuteni kwa nguvu ghafla, itakataa ikiwa mizima. Angalieni mshono wa kifuniko cha usukani na dashibodi upande wa abiria. Rangi ikitofautiana, mfuko wa hewa ulishafumuka. Nyingi nilizozifungua zina mifuko miwili ya mbele tu, kwa hivyo wa nyuma anategemea mkanda peke yake. Kwa wale mnaofikiria Honda Fit, baadhi ya za miaka ya nyuma ziliwekwa mifuko ya Takata iliyorudishwa kiwandani dunia nzima kwa sababu inaweza kurusha vipande vya chuma. Chukueni namba ya chesi muulize kama ilibadilishwa. Na Fit ya haibridi iliyotoka 2013 ina gia za namna nyingine, Honda yenyewe iliziita magari hayo mara kadhaa kurekebisha programu ya gia. Mimi sikatazi mtu, lakini kwa kikundi kisicho na fundi karibu, nachagua Aqua.

Sasa maswali.

Mama mmoja: Kwa hivyo unatuambia tununue au tusinunue?

Mama, inategemea magurudumu yatakanyaga wapi. Kikundi chenu kiko juu ya lami, kazi yenu ni kupeleka maziwa kidogo na watu Kapkatet na Kericho. Nunueni, mkishaipima. Kikundi cha wenzetu walioketi pale nyuma wako kilomita nyingi kutoka lami na wanataka kubeba mbolea. Wasinunue. Magunia manne ya mbolea ni kilo 200, ukiongeza watu, gari hii inaumia mgongo.

Mzee: Probox ya haibridi haiko?

Iko. Toyota ilianza kuitoa mwisho wa 2018, na injini ni ya aina ile ile ya Aqua. Inabeba mizigo zaidi. Lakini betri ni betri, mzee. Nyingi zilikuwa za kazi huko Japani, kwa hivyo ipimeni vile vile, tena kwa ukali zaidi.

Kijana: Tukiikodisha kwa abiria si itajilipa haraka?

Bima ya gari ya kibinafsi haitalipa abiria aliyelipa nauli akiumia. Mtahitaji leseni ya PSV na bima yake. Wekeni gharama hiyo kwenye hesabu kabla ya kusema itajilipa.

Mweka hazina: Ile 86,400 ulisema utairudia.

Ndiyo, asante. Ile pesa ya mafuta mnayookoa si faida mwaka wa kwanza. Kila mwisho wa mwezi dereva alete risiti za petroli na kitabu cha kilomita, mfanye ile hesabu ya kugawanya, na kile kilichookolewa kiende kwenye akaunti ya betri, mbali na mfuko wa wagonjwa. Watu wawili watie sahihi. Ikifika 100,000, hapo mnaweza kukaa mseme gari inawapa faida. Sisi tulianza kufanya hivyo baada ya aibu yetu. Gari bado inatembea, iko hapo nje chini ya mti, nyeupe. Akaunti ya betri ina shilingi 61,000, na mfuko wa wagonjwa tumeurudishia yote. Atakayetaka kujifunza kusikiliza pampu ya breki, twende sasa kabla mvua haijaanza. Mama, wewe utaketi kiti cha nyuma.